Tunapolilia Kiswahili cha matangazo ya zamani, tunalilia nini hasa?

MWEZI uliopita nilihudhuria karamu ya kumuaga rafiki yangu aliyestaafu ualimu. Mezani petu tulikuwa watu wanane, sote wenye mvi, sote tuliokulia enzi za Sauti ya Kenya. Pilau ilipopungua sahanini na hotuba zikaisha, mmoja wetu akaanza kuimba kibwagizo cha tangazo la mafuta ya kupikia la miaka ya 1980. Kabla hajaumaliza mstari wa kwanza, meza nzima ilikuwa imemdaka. Tukamaliza mafuta, tukaingia sabuni, tukatoka kwenye sabuni tukaenda betri, majani chai na dawa ya kuumwa na kichwa. Vijana waliokuwa wakitugawia soda walisimama wakitutazama kama watu waliopandisha mashetani.

Ndipo mwenzetu mmoja, mkaguzi wa shule mstaafu, akatoa hukumu: "Hicho ndicho kilikuwa Kiswahili, bwana! Siku hizi ni takataka tupu." (Mwalimu wa sarufi ataona kwamba hukumu yenyewe ina kosa. Alitakiwa kusema "ndicho kilichokuwa". Nilinyamaza, pilau ilikuwa tamu.) Wote wakaitikia kwa vichwa. Nami niliitikia. Lakini njiani kurudi nyumbani moyo ulinisuta, maana kati ya watu wanane waliokaa pale, ni mimi peke yangu niliyewahi kulipwa kuandika matangazo ya aina hiyo. Najua yalivyoandikwa.

Hoja yangu leo ni kwamba hamu hii ya zamani ni ya kweli, ila sababu tunayoitoa si ya kweli. Hatulilii usafi wa lugha. Tunalilia kitu kingine, na kwa kuwa hatukitaji kwa jina lake, tunawapiga vijana kwa fimbo isiyowastahili.

Tuanzie kwenye chombo chenyewe. Runinga ilianza nchini mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji likapewa jina la Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 likarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mpaka KTN ilipoanza mwaka wa 1990, Mkenya hakuwa na kituo kingine cha humu nchini cha kuchagua. Ulitazama hicho au ulilala.

Runinga ya kwanza niliyoitazama ilikuwa ya mwalimu mkuu wetu. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa kwa toroli. Mvulana mmoja alisimama nje akizungusha mlingoti wa antena, nasi tukimpigia kelele kutoka ndani: "Hapo! Hapo hapo! Aah, umepitisha!" Wenye nyumba walikaa vitini, sisi tukakaa sakafuni, na waliochelewa wakachungulia dirishani. Taarifa ya habari ya Kiswahili ilisomwa saa moja jioni, ikianza na alikokuwa Rais siku hiyo. Siku ya Vitimbi au Vioja Mahakamani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Matangazo ya biashara yalipoingia hakuna aliyeinuka. Si kwamba tuliyapenda. Ukiinuka, ukirudi nafasi yako imechukuliwa.

Hata kukatika kwa matangazo kulitufunza lugha. Picha ilipopotea, tuliombwa radhi kwa "hitilafu za mitambo". Neno "hitilafu" silikumbuki katika kitabu chochote cha shule ya msingi, lakini kila mtoto aliyekaa sakafuni pale alilijua, na mbuzi akikata kamba tulisema kuna hitilafu za mitambo. Na kile kitambulisho cha kituo, "Hii ni Sauti ya Kenya", kilikuwa sentensi fupi, kamili, yenye kiima na kiarifu, iliyosemwa taratibu na mtu aliyeonekana kuamini kwamba anasikilizwa. Leo vituo vingi hujitambulisha kwa Kiingereza hata dakika moja kabla ya taarifa ya Kiswahili. NTV iliwahi kutuambia "Turn on your world", na Citizen "Inspired by you". Hata hivyo, haki yao tuwape: majina ya taarifa zenyewe, kama vile Nipashe na Mbiu ya KTN, yamechaguliwa kwa ustadi. Aliyeiita taarifa ya habari "mbiu" alijua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Neno moja limefanya kazi ya aya nzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenzangu wa mezani hawakuligusa. Sisi tuliozaliwa bara, ambao nyumbani tulizungumza lugha za mama zetu, tulipata Kiswahili kutoka kwa watu wachache sana. Kiswahili cha mwalimu kilikuja na kiboko. Kiswahili cha chifu kilikuja na amri ya kuchimba mitaro. Kiswahili cha tangazo ndicho cha kwanza kilichotubembeleza. Hapa alikuja mwanamke mwenye sauti ya asali, akatuuliza kama tumechoka, akatuuliza kama watoto wamekula, akatuambia kuna njia rahisi. Hakuna aliyekuwa ametuuliza hayo kwa Kiswahili kabla yake. Kwamba alitaka senti zetu hatukujali, maana hatukuwa nazo.

Nadhani hicho ndicho tulichokuwa tukikiimba pale mezani.

Je, Kiswahili chenyewe kilikuwa safi? Tuchukue mfano ambao hakuna mtu wa umri wangu aliyeusahau. Miaka ya 1990, janga la Ukimwi lilipokuwa likitumaliza, kondomu za Trust zilitangazwa kwa kaulimbiu "Maisha iko sawa na Trust". Walimu wa Kiswahili walikasirika, nami nilikuwa mstari wa mbele. "Maisha" ni nomino ya ngeli ya YA-YA. Haiwezi kuchukua "iko". Nilisimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni marekebisho yangu kwa fahari: "Maisha yako sawa na Trust."

Msomaji, hebu isome tena sentensi yangu polepole. "Maisha yako" ni nini? Mtu yeyote asiye na karatasi mbele yake atasikia "maisha yako wewe". Kisha "sawa na" ataisikia kama ulinganisho, kwa maana ya kutoshana. Kwa hivyo, sentensi yangu iliyorekebishwa inasema kwamba maisha yako wewe yanalingana na kipande cha mpira! Sarufi ilinyooka, maana ikapinda. Aliyesema "iko" alikuwa amekwepa mtego ambao mimi, na shahada zangu, niliuingia kwa miguu miwili. Sisemi kwamba alikaa akapiga hesabu hiyo. Huenda alisema tu kama wanavyosema watu wa Nairobi, ambao wamekusanya ngeli nyingi wakazitia katika kapu la I-ZI: maji iko, mambo iko, maisha iko. Lakini sikio lake lilikuwa timamu. Na tangazo lile lilikuwa na kazi ya kuokoa roho za watu, si ya kufaulu mtihani. Kijana aliyelisikia alilielewa papo hapo, bila mkalimani.

Kwa hiyo, wanaosema kwamba Kiswahili cha matangazo kiliharibika juzi, na wanieleze "maisha iko" waliiimba lini.

Kisha kuna kisa cha wanafunzi wangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la isimujamii, nikataja wimbo wa tangazo la "Niko na Safaricom" uliorushwa mwanzoni mwa mwongo uliopita, wenye waimbaji waliosimama katika mandhari mbalimbali ya nchi yetu. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Msichana mmoja akasema, "Prof, hiyo ndiyo ilikuwa adi. Siku hizi hawajui kutengeneza." Nikacheka peke yangu. Walikuwa watoto wa shule ya msingi tangazo hilo lilipotoka. Tayari ni la kale kwao, tayari ni safi, tayari ni enzi bora iliyopita. Na wakati huohuo lilipotoka, sisi walimu wao tulikuwa tukililaani kwenye kongamano, tukisema sharti iwe "Nina Safaricom".

Sharti? "Nina" ni umiliki mtupu. Nina kalamu, nina mbuzi, nina mafua. "Niko na", katika Kiswahili sanifu chenyewe, ni kuwa mahali pamoja na mtu: niko na mama, niko na wageni. Katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, "niko na" imebeba pia maana ya "nina". Mtunzi wa kaulimbiu hii aliokota usemi unaosimama kwenye mpaka huo, akapata maana mbili kwa bei ya moja: ninayo laini hii, na niko pamoja na wenzangu wote walio nayo. Ukiweka "nina", unabaki na mtu mmoja na simu yake. Ushairi wetu una jina la ufundi wa kuliachia neno moja maana mbili bila kuvunja yoyote. Ukifanywa na malenga tunauita umahiri. Ukifanywa na kampuni ya simu tunauita uharibifu wa lugha.

Sitaki msomaji afikiri kwamba natetea kila kitu. Yapo matangazo ya zamani yaliyokuwa mabovu, tafsiri za harakaharaka zilizonukia Kiingereza kutoka mbali, na tumeyasahau kwa sababu hiyohiyo. Kumbukumbu huhifadhi nafaka, makapi huyaachia upepo. Ndiyo maana zamani huonekana ina nafaka tupu.

Yaliyobaki yalibaki kwa nini? Hapa inafaa tuyasome kama tunavyosoma shairi. Chukua kaulimbiu ya bia ya Tusker, "Bia yangu, nchi yangu". Mimi si mnywaji, lakini naiheshimu. Ina vipande viwili, kila kimoja mizani minne, na kina kinachofungana kwa "yangu". Hicho kina mtunzi hakukitafuta. Alizawadiwa na sarufi, kwa kuwa "bia" na "nchi" ni za ngeli moja. Jaribu kuweka "gari" na "mji" uone kama utapata kitu. Halafu hakuna kitenzi. Hatuambiwi bia inafanya nini kwa nchi, wala nchi kwa bia. Vitu viwili vimewekwa bega kwa bega na msikilizaji ndiye anayejenga daraja. Hivi ndivyo methali zetu nyingi zilivyojengwa. (Kama daraja lenyewe ni la kweli, hilo ni suala la waumini na madaktari.)

Au chukua jina la dawa, Mara Moja. Kwa Kiswahili, "mara moja" ni papo hapo, na pia ni idadi, si mara mbili. Mgonjwa anaahidiwa kwamba kichwa kitapoa sasa hivi na kwamba hatahitaji kuimeza tena. Ahadi mbili katika jina, na mwanasheria hana pa kushika. Betri za Eveready nazo zilikuwa na "Paka Power": neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, herufi ileile mwanzoni mwa yote mawili, na picha ya paka kwa asiyejua kusoma. Royco ikatupa "Mchuzi Mix". Huku ni kuchanganya ndimi, na kulikuwepo sisi tukiwa bado tunavaa kaptula. Walimu wanaofundisha sajili ya matangazo katika shule za upili huorodhesha sifa hizi kwenye ubao: chuku, takriri, kuchanganya ndimi, lugha shawishi. Mwanafunzi hukariri orodha, akapata alama zake. Ni nadra kuulizwa kwa nini tangazo hili lilifaulu na lile likafa, ilhali lilikuwa na sifa zilezile nne.

Nafikiri jibu nililipewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nilikasirika nilipolipewa.

Nilikuwa mhadhiri mchanga, mwenye watoto wawili na mshahara uliokwisha tarehe 12. Rafiki akanielekeza kwa kampuni ndogo ya matangazo katikati ya jiji iliyokuwa ikitafuta "mtu wa Kiswahili". Nilipewa karatasi ya Kiingereza kuhusu sabuni ya unga. Nikaitafsiri usiku kucha, kamusi mbili mezani. Sentensi yangu ya kwanza, ambayo naikumbuka kwa sababu niliipenda mno, ilikuwa hii: "Sabuni hii ina uwezo wa kipekee wa kuondoa madoa sugu bila kuathiri ubora wa vazi lako." Hakuna kosa hata moja. Mwangalie nomino, mwangalie upatanisho. Unaweza kuitungia mtihani.

Studioni alikuja mama mmoja, mwigizaji wa jukwaani, aliyesoma hadi darasa la saba. Akaisoma sentensi yangu kimya, akaisoma tena, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, haya maneno nani atayasema?"

"Wewe, mama."

"Nikimwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kwa ajili ya karatasi. Yeye akaomba shati lililokuwa na doa, akalitandaza juu ya meza, akalitazama lile doa kama mpangaji mkorofi. Akasema: "Wewe doa, hapa kodi unamlipa nani?" Watu wote studioni wakaangua kicheko. Msimamizi akasema irekodiwe vivyo hivyo. Sentensi yangu ikawekwa mwisho, ikasomwa haraka na mwanamume asiyeonekana.

Tangazo likarushwa. Wiki mbili baadaye, katika mtaa tuliokuwa tukiishi, nilisikia mtoto akimwambia mwenzake aliyemkalia nafasi yake: "Hapa kodi unamlipa nani?" Konda wa matatu akamwambia abiria aliyeganda mlangoni vivyo hivyo. Sabuni yenyewe ilitoweka madukani baada ya miaka michache, nami jina lake sitalitaja. Usemi uliishi zaidi yake.

Natamani kisa kingeishia hapo. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliandika insha juu ya lugha ya matangazo, akatoa mfano wa doa na kodi. Alieleza vizuri jinsi doa lilivyopewa uhai, jinsi nguo ilivyogeuzwa nyumba, na jinsi mwanamke mfua nguo, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe ni mpangaji anayedaiwa kodi, anavyopewa kwa nusu dakika nafasi ya kuwa mwenye nyumba. Sijapata kusoma uhakiki bora kuliko huo kutoka kwa mwanafunzi wa umri wake. Nilichora mstari mwekundu nikaandika pembeni: "Mfano huu si Kiswahili sanifu." Nikampa alama 11 kati ya 20.

Sentensi ile haina kosa lolote la sarufi. Tazama mwenyewe. "Wewe doa, hapa kodi unamlipa nani?" Kiima, kitenzi, kiwakilishi cha kuuliza, shamirisho iliyotangulizwa kwa mkazo. Ni sanifu kuliko sanifu. Kosa lake ni kwamba haikuandikwa na mimi. Wala sikumwambia yule binti kwamba nililipwa kwa tangazo hilohilo.

Basi hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya tangazo linaloishi na linalokufa, na haina uhusiano na enzi. Ni lile swali la mama: nani anayasema, akimwambia nani? Matangazo tunayoyaimba mezani yalitungwa na watu waliosikia sauti kabla ya kuona maandishi. Mengi ya leo ambayo yananikera hayana kosa la sarufi hata kidogo. Yanakera kwa sababu hayasemwi na mtu. "Pata uzoefu wa kipekee." Nani, katika historia ya Kiswahili, amewahi kumwambia jirani yake apate uzoefu? Na lile fungu la mwisho linalotamkwa kama bunduki ya rashasha: "Vigezo na masharti kuzingatiwa!" Maneno yote manne yamo kamusini. Mwulize mama mboga maana ya "vigezo" uone atakavyokutazama. Halafu ni hapo, kwenye vigezo, ndipo pesa zake zinapoliwa. Lugha sanifu imetumiwa kama pazia, na sisi watetezi wa usanifu hatukulalamika, kwa kuwa ngeli zilipatana.

Linganisha na "mpango wa kando". Karibu mwaka wa 2009 kampeni ya kupambana na Ukimwi ilitusihi tuwache mpango wa kando. Sidai kwamba tangazo ndilo lililouzaa usemi huu. Tangazo liliuingiza sebuleni, mbele ya baba mkwe. Kabla yake tulikuwa na "hawara" na "kimada", maneno yenye ncha, na vijana walikuwa na "klande". Usemi mpya ulikuwa wa kiofisi, wa kistaarabu, kama kwamba mtu ameketi akapanga bajeti. Nchi nzima ikaudaka, hata mapadri mimbarini. Ila kejeli yake ni kubwa: tangazo lililokuja kukemea tabia likaipa tabia jina la adabu. Mwaka wa 2013 likaja jingine, wanawake wawili sokoni, mmoja akimshauri mwenzake aiweke kondomu katika mpango huo. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, wakapinga, likaondolewa hewani. Tangazo lilizimwa. Neno liko kamili, linatumika hata mahakamani katika kesi za talaka.

Sasa utafiti wa haya yote utafanywa na nani, na kwa vyanzo gani? Mwanafunzi wangu wa uzamili alitaka kuandika tasnifu juu ya lugha ya matangazo ya runinga ya miaka ya 1970 na 1980. Alizunguka miezi minne. Alipata makala za magazeti, alipata picha za mikebe, alipata wazee wenye kumbukumbu nzuri zinazopingana. Maneno halisi ya matangazo, yalivyotamkwa, hakuyapata kwa wingi wa kutosha kujenga hata sura moja. Akabadilisha mada. Vyuo vyetu vina rafu na rafu za tasnifu juu ya riwaya ambazo nakala zake zilinunuliwa na watu elfu chache, lakini Kiswahili kilichosikiwa na mamilioni kila jioni hatukukiona kama kitu cha kuwekwa rafuni. Mimi ni mmoja wa waliokalia vikao vilivyoamua hivyo. Ndiyo maana mkaguzi wetu wa shule anaweza kusema chochote mezani, na hakuna wa kumkosoa kwa ushahidi.

Baada ya ile karamu nilimpigia simu dada yangu anayeishi Thika. Marehemu shemeji yangu alikuwa mpenzi wa kandanda, na alirekodi mechi za Kombe la Dunia la 1994 kwenye kanda za VHS, pamoja na kila kilichorushwa katikati. Akaniambia ziko stoo, chini ya magunia, na kama panya wameniachia nitazikuta. Waliniachia kanda sita. Mashine ya kuzichezea sina, na niliyoazimwa ilitafuna kanda ya kwanza.

Wiki jana nilizipeleka tano zilizobaki kwa fundi wa barabara ya Luthuli. Akazigeuzageuza, akapuliza vumbi, akasema ukungu umeingia lakini atajaribu, nimpe hadi Ijumaa. Kisha akaniuliza, "Kwani Profesa, hapa ndani kuna nini cha maana hivi, harusi?"

Nikamwambia ni sabuni.